Gati la Faranka Moja

Mtu wa Kasulu au Kibondo ashukapo kutoka milimani kwenda Kigoma hukutana na ziwa, reli na bandari, vyote pamoja. Reli ilifika pale mwaka 1914, na tangu siku hizo bandari ile imekuwa mlango wa shehena za Kongo na Burundi ziendazo Dar es Salaam na zitokazo huko. Labda aonaye hudhani kwamba kila jiwe la gati lile limekuwa mali ya nchi siku zote. Sivyo. Kwa muda wa miaka 40 sehemu ya bandari hiyo ilikuwa mikononi mwa Serikali ya Ubelgiji, kwa kodi ya faranka moja kwa mwaka, tena kwa muda usio na mwisho.

Habari hii yafaa kuelezwa kwa sababu yatufungulia jambo linalosumbua mabunge ya mataifa makubwa hata leo: serikali ikitwaa mali ya mgeni bandarini, sheria ijibu nini?

Katika Vita Kuu ya kwanza, askari wa Kibelgiji kutoka Kongo waliingia Kigoma mwezi wa Julai 1916, na nchi ya Buha ikawa chini yao mpaka Machi 1921. Walipokuwa wakiondoka hawakuondoka mikono mitupu. Tarehe 15 Machi 1921 mkataba ulitiwa sahihi huko London baina ya Uingereza na Ubelgiji, na Wabelgiji wakapewa viwanja viwili, kimoja Kigoma na kingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite kwa urahisi. Viwanja hivyo vikaitwa Belbase, maana yake kituo cha Wabelgiji, na kazi ya kupakia na kupakua ikawa mikononi mwa kampuni yao.

Sasa tazama kasoro iliyokuwamo. Uingereza haikuwa mwenye nchi. Ilikuwa imekabidhiwa Tanganyika kwa niaba ya Chama cha Mataifa, na hata udhamini huo ulithibitishwa mwezi wa Julai 1922, yaani zaidi ya mwaka mmoja baada ya mkataba ule kutiwa sahihi. Ni kama mlezi wa yatima. Aweza kulikodisha shamba la mtoto kwa msimu, ili mtoto apate nguo na ada ya shule. Lakini akimwambia jirani, "Lichukue, wewe na wajukuu wako, milele," mzee gani wa Buha atakubali kwamba neno hilo litamfunga mtoto akishakuwa mtu mzima? Tena la kushangaza ni kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na watawala hao hao, haikuruhusu haki ya kukaa juu ya ardhi kupita miaka 99. Mkulima au mfanyabiashara aliwekewa mpaka, bali Serikali jirani haikuwekewa.

Yatima akakua. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere aliliambia Baraza la Taifa kwamba ukodishaji wa milele uliofanywa na mtawala aliyekuwa na madaraka ya muda haupatani na enzi ya nchi huru, na kwamba Tanganyika haitajiona imefungwa nao. Alieleza pia kuwa nchi i tayari kupatana upya na majirani, ili mizigo yao iendelee kupita. Kwa hiyo kilichokataliwa ni hati ya milele. Njia ya jirani kwenda baharini haikuzibwa.

Mtu aweza kuuliza: je, huko si kunyang'anya? Kwa maoni yangu, sivyo, ingawa Mbelgiji angeweza kuona vingine. Aliyetoa haki hakuwa na uwezo wa kuitoa kwa namna ile. Kesi huwa ngumu zaidi pale mwenye nchi mwenyewe anapotoa haki, kisha akageuka.

Mfano wa namna hiyo uko Jibuti. Mwaka 2006 Serikali ya huko iliipa kampuni ya bandari ya Dubai, DP World, haki ya miaka 30 ya kujenga na kuendesha gati la makontena la Doraleh. Mwezi wa Novemba 2017 ikatunga sheria ya kuiruhusu Serikali kubadili au kuvunja mikataba ya mali zenye maana kubwa kwa taifa. Tarehe 22 Februari 2018 gati likatwaliwa. Jibuti ilisema inalinda enzi yake. Kampuni ilisema imeporwa, ikaenda mbele ya wasuluhishi wa London. Mwaka huo huo wasuluhishi walitamka kwamba mkataba ungali hai, na mwaka 2019 wakaamuru kampuni ilipwe mamilioni ya dola. Lakini funguo za gati zilibaki Jibuti. Hukumu ya mbali haina askari wala nyundo.

Kwa sababu hiyo mataifa yenye nguvu hutunga sheria za kujibu. Mwaka 1962 Marekani ilitunga kifungu kilichojulikana kwa jina la Seneta Hickenlooper: nchi ikitwaa mali ya Wamarekani, na isichukue hatua za kulipa fidia katika miezi 6, msaada wake ukatwe. Kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, kilionja kifungu hicho mwaka 1963 kwa kutwaa mali za makampuni ya mafuta. Ubaya wake ni kwamba msaada ukikatwa, anayekosa ngano au dawa si waziri aliyetia sahihi. Mwaka 1964 Marekani ikaongeza kifungu kingine kuhusu mashauri ya namna hiyo mahakamani.

Siku hizi kuna shauri jingine. Mwezi wa Machi 2023 askari wa Meksiko waliingia katika gati la kampuni ya Kimarekani, Vulcan, pwani ya Quintana Roo. Mwaka uliofuata mswada ukapelekwa katika Bunge la Marekani, kutaka meli zitumiazo gati lililotwaliwa hivyo zizuiwe kuingia bandari za Marekani. Hapa shabaha imelengwa vema kidogo: huguswa yule anayefaidi gati lenyewe, si mgonjwa aliye mbali.

Nasi tuna sheria zetu. Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba mtu hatanyang'anywa mali yake ila kwa mujibu wa sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Ulinzi huo ni wa mwenye mgomba Kasulu, na wa mwenye ghala Kigoma. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba mtu asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa muda uliohesabiwa, usiopita miaka 99.