Majivu Yaliyoitwa Mbolea

Mwezi wa Septemba 1986 meli iitwayo Khian Sea iling'oa nanga Philadelphia, nchini Marekani, ikiwa imesheheni takriban tani 14,000 za majivu ya matanuri ya kuchomea taka za mji ule, ikatangatanga baharini zaidi ya mwaka, ikikataliwa bandari hii na ile, hata ikafika Haiti, ambako shehena yake ilitajwa kuwa ni mbolea. Kiasi cha tani 4,000 zilikuwa zimekwisha kumwagwa ufukoni Gonaïves, mapema mwaka 1988, serikali ilipoamuru zirudishwe melini, na meli ikatoroka usiku. Yaliyosalia yakatoswa katika Bahari ya Atlantiki na katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii tuvuayo sisi. Majivu ya Gonaïves hayakuondolewa mpaka mwaka 2000. Kuwaambia wakulima maskini kwamba majivu yenye sumu ni mbolea ni dhulma isiyo na udhuru.

Ni kweli kwamba moto huangamiza vijidudu na kuteketeza karatasi na matambara. Lakini risasi na kadimi ni madini, na madini hayateketei, bali taka zinapopungua uzito hadi kama robo, yale yaliyokuwa yametawanyika humo hujikusanya katika majivu. Tena moshi unapopoa dohanini, baina ya nyuzi 200 na 450 hivi, kaboni na klorini huungana, shaba ikichochea, zikazaa sumu iitwayo dioksini, ambayo yamkini haikuwamo katika taka hapo awali. Ndiyo sababu majivu laini yanaswayo na machujio huwa na sumu zaidi kuliko yale ya chini ya tanuri.

Mjini Newcastle, Uingereza, majivu ya tanuri la mtaa wa Byker yalitandazwa kwenye njia za bustani za mboga katika miaka ya 1990; kuku wakaparua na kudonoa, na dioksini ikaonekana ndani ya mayai. Sumu hii hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi, na mama humpitishia mwanawe katika maziwa. Risasi nayo hudumaza akili za watoto, na kadimi hudhuru figo.

Hospitali zetu nyingi zina vichomea taka vidogo, visivyo na machujio yoyote. Majivu yake yapasa kutiwa katika shimo lililosakafiwa na kufunikwa, mbali na kisima, na mwenye kuyazoa avae glavu na barakoa. Wala yasichukuliwe kwa toroli kwenda kutandazwa kwenye matuta ya mchicha.