Gamba la Konokono Kama Shahidi wa Mvua za Kale

Mwalimu afundishaye habari za hali ya hewa hukabiliwa na swali lile lile kila mwaka: ikiwa vipimo vya mvua vimeanza kuandikwa juzi tu, tutajuaje mvua za miaka elfu tano iliyopita? Jibu la vitabuni mara nyingi hutaja barafu ya ncha za dunia, kitu ambacho mwanafunzi wetu hajapata kukiona. Napendekeza tuanze na kitu kilichopo nyuma ya darasa, yaani gamba la konokono.

Somo lianze kwa jaribio. Mwanachuo aokote gamba tupu, alioshe, alivunjevunje na kulitia katika chupa yenye siki. (Konokono hai asishikwe kwa mikono mitupu, kwani baadhi yao hubeba minyoo imdhuruyo binadamu.) Mapovu yatatoka. Hewa hiyo ikipitishwa kwa mrija hadi katika maji ya chokaa, maji hugeuka meupe kama tui. Darasa sasa limeona kwa macho yake kwamba gamba lina kaboneti, na kwa hiyo mna kaboni na oksijeni ndani yake. Hatua hii isiharakishwe, maana yote yafuatayo yanaitegemea.

Oksijeni hiyo yatoka wapi? Konokono hupata maji yake katika mvua, umande na majani mabichi, kisha hujenga gamba kwa majimaji ya mwilini. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni, kiasi cha 2 zina uzito wa 18 badala ya 16. Maji yenye atomu nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, na yale mazito hutangulia kuanguka mvua inyeshapo. Mfano wa kupepeta mchele hufaa hapa, ingawa si kamili: makapi hupeperuka, punje hubaki katika ungo. Katika nchi za joto, mvua kubwa kwa kawaida huwa na sehemu ndogo zaidi ya oksijeni nzito kuliko manyunyu, na konokono huijenga tofauti hiyo katika gamba lake.

Hapo ndipo nilipopata kukosea. Niliandika ubaoni kwamba gamba ni kipimajoto cha kale. Mwanachuo mmoja, mwenyeji wa pwani, akauliza: "Mkufunzi, konokono wa kwetu hukwangua mawe ya matumbawe. Kaboni ya jiwe haiingii katika gamba?" Sikuwa na jibu, nikasema tuendelee. Naona haya kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa swali lilikuwa sahihi kuliko somo langu. Kaboni ya jiwe huingia kweli, na gamba la mahali penye mawe ya chokaa laweza kuonekana lina umri mkubwa kuliko wake halisi, pengine kwa miaka elfu kadhaa. Hata neno kipimajoto lilikuwa la pupa. Joto, mvua na unyevu wa hewa vyote huacha alama katika kipimo kile kile cha oksijeni. Tena konokono hulala wakati wa kiangazi akiwa ameziba mdomo wa gamba. Daftari lake huandikwa masika na kufungwa jua likiwaka.

Siku hizi swali la mwanachuo yule nalitia ndani ya andalio la somo, na baada yake naeleza kazi ya mtaalamu wa Marekani, Glenn Goodfriend, aliyoichapisha mwaka 1990 kuhusu jangwa la Negev, kusini mwa Israeli. Yeye hakupima kaboni ya chokaa. Alipima ile iliyomo katika mabaki ya protini ndani ya gamba, ambayo hutokana na chakula. Mimea haichukui kaboni kwa namna moja: mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za mbugani huwa na kaboni-13 zaidi kuliko miti, maharage na mihogo. Huko Negev mimea ya kundi la kwanza huota sehemu kavu tu. Mvua ikifika kiasi cha milimita 300 kwa mwaka, hutoweka. Magamba ya kale yalionyesha kwamba, kati ya miaka 6,500 na 3,000 hivi iliyopita, mpaka wa mimea hiyo ulikuwa kilometa 20 hivi kusini zaidi kuliko leo. Maana yake ni kwamba mahali hapo mvua ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya sasa.

Upimaji wenyewe hauwezekani katika chuo cha ualimu. Wahitaji mtambo wa kutenganisha atomu kwa uzito wake. Lakini kukisia kwa hoja kwawezekana. Huwapa wanachuo magamba mawili, moja la shamba la mahindi na moja la msituni, waandike lipi litakuwa na kaboni-13 nyingi, kwa sababu gani, na ni jambo gani laweza kuwapotosha. Alama nyingi huziweka katika sehemu ya tatu.