Jumamosi Zangu na Land Rover ya Mzee

Kila Jumamosi, ifikapo saa mbili za asubuhi, jirani zangu hapa Nakuru hunisikia nikigonga chuma. Wengine wamekwisha kuzoea, wengine wangali wananung'unika, na mama mmoja muuza mboga amepata kuniuliza kama sina jamaa wa kutembelea mwisho wa juma. Jibu langu ni lile lile: jamaa ninao, lakini huyu aliyelala chini ya mparachichi ndiye mgonjwa kuliko wote.

Mgonjwa mwenyewe ni Land Rover ya mwaka 1966, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na injini ya petroli ya silinda nne. Taa zake zimekaa karibu karibu katikati ya uso, mfano wa macho ya bundi, kwani wakati huo watengenezaji walikuwa bado hawajazihamishia kwenye madigadi. Baba yangu aliiendesha kwa miaka mingi akiwa dereva wa Idara ya Mifugo huko kaskazini, na ilipopigwa mnada mwaka 1983 akainunua kwa akiba yake yote. Ilibeba mahindi, maziwa, maharusi na maiti hadi mwaka 1998, giaboksi ilipokataa kazi. Tangu hapo kuku ndio waliokuwa abiria.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo Land Rover ilipoonekana kijijini watoto walikimbilia barabarani, na watu wazima wengine walikimbilia migombani. Ndani yake aliweza kuwamo daktari, bwana D.O., mtoza kodi au askari wa kuwinda chang'aa, na haikuwa rahisi kujua mapema ni yupi.

Gari hili lilizaliwa kwa shida. Mwaka 1947, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa na Jeep ya kijeshi katika shamba lake huko Anglesey, akafikiria kutengeneza gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Chuma kilikuwa adimu, kimegawiwa kwa vibali, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Hapa kwetu, kiwanda cha Leyland kilipojengwa Thika katika miaka ya 1970, Land Rover ziliunganishwa na mikono ya Wakenya. Na anayedhani mapenzi haya yamekwisha angaliuliza watu wa Arusha, ambako mwaka 2024 liliandaliwa tamasha zima la Land Rover.

Kutu

Basi watu huniambia, "Una bahati, aluminiamu haishiki kutu." Ni kweli nusu. Bodi haishiki kutu, lakini chesisi ni chuma kitupu, nayo ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope huingia humo, yakakaa, yakaila chesisi kutoka ndani huku nje rangi iking'aa. Zaidi ya hayo, pale aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu ukapita katikati, aluminiamu yenyewe hugeuka unga mweupe kama chokaa.

Fundi wangu, kijana wa jua kali mwenye subira kunishinda, alinifundisha kupima chesisi kwa masikio. Unalala chini na nyundo ndogo, unagonga hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye unga. Tulipofika nyuma, chini ya mlango, nyundo ilizama ndani na mchanga mwekundu ukanimwagikia usoni. Nilikaa pale chini nikijifuta, nikawaza kwamba huenda mchanga huo ni wa Isiolo au wa Laisamis, nami niliubeba nyumbani katika kikopo. Mke wangu hakusema neno.

Tulikata sehemu iliyooza, tukachomelea bamba jipya la milimita 3. Kazi hiyo peke yake ilitula Jumamosi sita, maana kabla ya kuwasha moto ilibidi tutoe betri, na tutoe tangi la petroli lililo chini ya kiti cha dereva. Mtu akikuambia atachomelea chesisi bila kutoa tangi, muage na uende zako. Vipuri vingine nilivifuata Kirinyaga Road, Nairobi, ambako kuna wazee wanaotambua bushi ya Land Rover kwa kuigusa tu mfukoni mwako.

Bonyeo

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Madigadi ya kushoto ilikuwa na bonyeo kubwa, pana kama sinia ya pilau. Nililiona tangu utotoni. Mwezi wa Julai mwaka jana nikaamua kulinyoosha ili Mzee atakapokuja aone gari kama lilivyotoka kiwandani. Aluminiamu haigongwi ovyo. Ukiigonga sana hukakamaa, kisha ikapasuka. Fundi alisugua sabuni ya mche kwa upande wa ndani, akapitisha moto wa gesi polepole mpaka sabuni ikageuka nyeusi. Hiyo ndiyo alama kwamba joto limetosha. Ukizidisha hapo, bati litayeyuka mbele ya macho yako. Baada ya kupoa lilikuwa laini kama ngozi iliyolowekwa. Tukalinyoosha kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, na ilipofika jioni ungepitisha kiganja usihisi chochote. Nilijisifu, nikamnunulia fundi soda mbili.

Jumapili iliyofuata Baba akaja. Ametimiza miaka 81, hutembea na mkongojo, lakini alipoliona gari aliuegemeza mtini. Fundi alimwamkia kwa heshima, "Karibu Mzee, mtoto wako huyu amepona." Baba akalizunguka taratibu, akaangalia chesisi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kushoto akaweka kiganja juu ya madigadi, akakipitisha mbele, akakirudisha nyuma, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, Baba?"

"Ile ya Merille."

Hadithi ya Merille niliijua, au nilidhani naijua. Merille ni mto wa mchanga upande wa huku wa Laisamis. Miezi mingi hupati humo maji ya kunawa uso, kisha mvua ikinyesha mbali milimani unakuja ukuta wa maji. Mwezi wa Novemba, 1977, Baba alikuwa amebeba chanjo ya sotoka kuelekea Marsabit. Chanjo hiyo, iliyobuniwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, ililazimika kukaa katika baridi, na barafu ndani ya sanduku ilikuwa inayeyuka. Siku hizi watoto hawajui sotoka ni nini, kwani mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba imetokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Lakini wafugaji wa zamani wanajua boma zima likinuka mizoga. Basi Baba akafungua ukanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye distributa, akafunika distributa kwa gunia, akaingia mtoni. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa ikiishia kila mara: chanjo ilifika.

Siku hiyo akaniambia iliyobaki. Mwenzake, mchanjaji wa ng'ombe, alikuwa ameketi juu ya madigadi ya kushoto, kamba kiunoni, akipima kina kwa fimbo. Gogo likaja na maji. Liliponda pale alipokuwa amekaa, naye alikuwa ameinua mguu punde tu. Akaanguka mtoni, na Baba, mkono mmoja kwenye usukani, alimvuta kwa kamba mpaka ng'ambo. Tangu siku hiyo, kila walipokutana, yule bwana alikuwa akiweka ngumi yake ndani ya bonyeo kabla ya kumpa Baba mkono. Alifariki mwaka 2009. Mwaka huo gari lilikwisha kuwa la kuku, lakini Baba alirudi kutoka mazishini akaenda moja kwa moja chini ya mparachichi. Mimi nilidhani amekwenda kuokota mayai.

Sikuwa na la kusema. Fundi, kwa nia njema, akasema, "Mzee, tunaweza kulirudisha. Nyundo si hii?"

Baba akamtazama. "Utaligonga wewe? Kwani ulikuwapo?"

Hatukula vizuri mchana ule. Nilikuwa nimetumia miezi mingi kumrudishia gari lake, na kwa alasiri moja nikafuta mahali pekee alipopahitaji. Wako wapenda magari ya kale wanaosema kila kitu kirudishwe kilivyotoka kiwandani, hata rangi ya bolti. Nami nilikuwa mmoja wao. Siku hizi, kabla sijanyoosha kitu, natafuta aliye hai nimuulize.

Breki

Alirudi baada ya majuma matatu bila kuitwa, akanikuta nikihangaika na breki. Gari hili lina silinda mbili katika kila gurudumu la mbele, na upepo hupenda kujificha humo. Unakanyaga pedali mara mia, fundi anafungua nati, vipovu vinatoka, na bado pedali ni laini kama sifongo. Tena mfumo wote ni mmoja, hivi kwamba paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Baba alinionyesha jinsi ya kusogeza viatu vya breki vishike ngoma kabisa kwanza, ndipo utoe upepo, kisha uvilegeze. Baada ya nusu saa pedali ikawa ngumu.

"Leta hendeli," akasema.

Nilizungusha mara nne. Mara ya tano injini ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikashika. Baba akapanda. Gia ya kwanza na ya pila zake hazina cha kuzilainisha, kwa hiyo kila unapobadili huna budi kukanyaga klachi mara mbili, na mimi mwenyewe nilikuwa nikizisagisha kama kinu. Mzee hakusagisha hata moja. Alikwenda hadi mwisho wa kiwanja, akageuza, akarudi na kusimama hatua mbili kutoka kwenye magoti yangu, na nilimwona akitazama juu ya boneti upande wa kushoto, si barabarani.

Fundi aliuliza kuhusu rangi. Baba akasema gari lote lipakwe kijivu kama zamani, ila madigadi ya kushoto iachwe bati tupu. Ndivyo ilivyo hadi leo, na polisi wa barabarani wamekwisha kuniuliza mara mbili.

Jumamosi ijayo tuna kazi ya sili ya gurudumu la mbele kulia, ambayo inavuja oili. Baba ameahidi kuja mapema. Amesema nisifungue kitu kabla hajafika.