Unasoma saikolojia? Fildi siyo wodini tu

Wadau mnaosoma saikolojia, msimu wa fildi ukikaribia wengi mnawaza Mirembe tu, ile hospitali ya Dodoma. Sawa, ila kuna pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na C-Sema. Kupiga ni bure, na kazi yenyewe ni kusikiliza, kitu ambacho darasani hukipati. Bisha hodi na huko, hata kwa kujitolea wakati wa likizo.

Barua ya chuo ipeleke mapema. Halafu kabla hujakubali popote uliza: nani atanisimamia? Pasipo na msimamizi utaishia kutoa fotokopi tu, au kibaya zaidi, utaachiwa mtoto aliyefanyiwa ukatili umshauri peke yako. Hapo kataa, hata kama posho ipo. Na stori za wagonjwa msizipeleke hosteli jamani!