Nguzo za Feleji na Hesabu ya Joto Ukutani

Joto husafiri kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, na hupita kwa wingi pale penye ukinzani mdogo. Kanuni hii ijulikanayo na kila mwanafunzi wa fizikia huwatatiza wahandisi wanapokadiria nishati itakayotumika kulipasha joto jengo au kulipoza.

Katika Marekani na Kanada, kuta za majengo mengi ya ofisi huundwa kwa nguzo za bati la feleji. Nafasi baina ya nguzo hujazwa pamba ya kioo, ambayo ni kihami, na pande zote mbili hufunikwa kwa vibao. Pamba hiyo hupitisha joto la wati 0.04 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Feleji hupitisha wati 50 hivi, yaani mara 1,250 zaidi.

Chukua mfano wa nguzo zenye kina cha milimita 89, zilizopangwa kila baada ya milimita 406. Pamba peke yake ina ukinzani wa 2.29. Bati lina unene wa milimita 1.1 hivi, ambao haufiki asilimia 0.3 ya upana wa ukuta. Mtu aweza kudhani kwamba sehemu ndogo hivyo haina madhara. Lakini majedwali ya kiwango cha 90.1 cha ASHRAE huonyesha kwamba ukinzani wa tabaka hilo hushuka hadi 1.06, chini ya nusu.

Sababu ni kwamba joto haliendi moja kwa moja tu. Nguzo ina kingo pana zinazogusa vibao. Joto lililomo kibaoni huelekea kando hadi kwenye ukingo, hupita katika bati, kisha hutawanyika upande wa pili. Ili kupata upana wa kanda inayoathirika, upana wa ukingo hujumlishwa na mara mbili ya umbali kutoka uso wa ukuta hadi chuma. Ukingo ukiwa milimita 41 na kibao milimita 13, kanda huwa milimita 67, yaani takriban sehemu moja ya sita ya ukuta.

Programu nyingi za kompyuta, kama EnergyPlus, huhesabu joto likipita tabaka kwa tabaka katika mwelekeo mmoja. Nguzo hazionekani humo. Hivyo mhandisi hana budi kuweka tabaka moja la mfano: 0.089 ikigawanywa kwa 1.06 hutoa upitishaji wa 0.084, zaidi ya mara mbili ya ule wa pamba. Akiingiza pamba tupu, mashine zitakazochaguliwa huenda zikawa dhaifu, na gharama za nishati zitapita makadirio.

Kuongeza pamba baina ya nguzo husaidia kidogo. Nguzo za milimita 140 zenye pamba ya ukinzani wa 3.35 hufikia 1.25 tu. Dawa iliyo bora ni kufunika nguzo kwa nje kwa kihami kisichokatika, ili daraja la feleji lisiwe na upenyo wa kupitishia joto.