Ufa Kwanza, Kioo Baadaye

Anayenunua nyumba kuukuu Minneapolis, mji wa Marekani wenye Wakenya wengi, huyajua madirisha yake mwezi wa Januari, wakati usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 au 14 chini ya sifuri. Pazia linatikisika ilhali dirisha limefungwa. Asubuhi kioo kimetoa jasho, na maji yameganda kwenye ukingo wa chini. Muuzaji wa madirisha ya vioo vitatu akibisha hodi wiki hiyo, hahitaji maneno mengi. Lakini kuuliza vioo vingapi ni kuanzia mwisho. Pesa ya mwenye nyumba iende kwanza kwenye nyufa, ndipo kioo kifikiriwe, na mara nyingi nyufa zikizibwa sawasawa dirisha lililopo bado lina miaka mingi ya kutumika.

Joto hutoka dirishani kwa njia mbili zinazochanganywa sana: hupenya kwenye kioo na fremu, na hubebwa na hewa inayovuja pembeni. Njia ya kwanza hupimwa kwa kipimo cha U, ambacho Marekani huandikwa kwenye kibandiko cha dirisha jipya. Namba ikiwa ndogo, joto linabaki ndani. Kioo kimoja kitupu hukaribia 1.0, na vioo viwili vya kawaida takriban 0.5. Vioo viwili vyenye gesi ya agoni katikati, na utando wa fedha usioonekana kwa macho unaorudisha joto chumbani, huteremka hadi 0.28 hivi. Vioo vitatu hufika karibu 0.20. (Aliye Toronto asishtuke akikuta 1.6: Kanada hupima kwa wati na mita, na dirisha ni lile lile la 0.28.) Zitazame namba hizo kwa mfuatano wake. Hatua ya kwanza inapunguza 0.5 nzima, ya mwisho, ambayo ndiyo ghali, inapunguza 0.08 tu.

Njia ya pili, ya hewa, haiponi kwa kuongeza kioo. Madirisha mengi ya kale ya Minneapolis hupanda na kushuka kwa kamba zilizofungwa vyuma vizito, na vyuma hivyo huning'inia katika uwazi uliofichwa ukutani, pande zote mbili za dirisha. Upepo wa nje hujikusanya humo kisha hutafuta pa kutokea. Fundi akichomeka dirisha jipya ndani ya fremu ya zamani bila kuujaza uwazi huo, mwenye nyumba amenunua kioo bora na baridi yake iko pale pale. Kuhakikisha si kazi: siku ya upepo, washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu kandokando ya fremu. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala ghafla kuelekea chumbani, umepata pa kuanzia.

Dawa yake ni mpira wa kuziba kwenye maungio, silikoni kati ya fremu na ukuta, na dirisha la ziada linalofungwa kwa nje, ambalo hukigeuza kioo kimoja kuwa viwili. Mwaka 2012 shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria la Marekani, National Trust for Historic Preservation, lilichapisha utafiti uliogusa miji mitano, ikiwemo Chicago na Boston yenye baridi kali. Ulionyesha kwamba kuboresha madirisha yaliyopo kwa njia za namna hii kunaweza kukaribia akiba ya nishati inayoletwa na madirisha mapya, kwa gharama ndogo zaidi. Naam, shirika hilo linapenda vitu vya kale. Hata hivyo matokeo yake yanakubaliana na namba za U hapo juu, na namba hizo hazina mapenzi na upande wowote.

Wapo watakaosema bili siyo kila kitu, kwamba anayekaa karibu na kioo cha baridi huhisi ubaridi hata bila upepo. Ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya vioo vitatu: uso wa ndani wa kioo hubaki na joto, na jasho hupungua. Kitanda cha mtoto au mzee kikiwa chini ya dirisha, ningelipa bila kusita. Mbao zikiwa zimeoza, kukarabati ni kujidanganya. Ukungu ukinaswa katikati ya vioo viwili, hapo lakiri inayoziba kingo za vioo hivyo imekufa. Lakini fremu ikiwa nzima, mara nyingi hubadilishwa kioo peke yake. Na nyumba ya kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye risasi, sumu kwa watoto, hivyo asiikwangue mtu asiyejua.

Ukifika kununua, alama ya Energy Star kwa maeneo ya kaskazini tangu Oktoba 2023 hudai U ya 0.22 au chini, ikilegeza kidogo kwa kioo kinachoingiza jua zaidi. Kioo hicho kifikirie upande wa kusini, kwani jua la majira ya baridi hupita huko, likiwa chini angani. Kisha mbane fundi kwa maswali. Uwazi wa vyuma ataujaza kwa kitu gani? Maji yakipenya chini ya fremu yatatokea wapi? Povu atakalotumia ni lile laini la madirisha? La kawaida huvimba likabinya fremu mpya, na dirisha la maelfu ya dola likakataa kufunga.