Fizikia ya Gereji: Kuchomoa Ekseli Mahali Penye Nafasi Finyu

Mtahiniwa, mada ya momenti ya kani na nyenzo ni rahisi kukariri na ni rahisi kuikosea. Wengi wanaijua kanuni, lakini swali likibadilishwa sura kidogo wanakwama. Tuitazame katika kazi inayofanyika gereji za Shinyanga, Kahama na Geita: kuchomoa ekseli ya mbele ya Probox, gari ambalo abiria wengi wa huku huliita mchomoko.

Mashimo na vumbi la barabarani huchana raba inayofunika jointi ya ekseli. Grisi humwagika, mchanga huingia, na jointi huanza kugonga kila gari likikata kona. Hapo ekseli lazima itoke. Fundi hulala chini ya gari, mahali ambapo hata kiwiko hakikunjuki vizuri. Nguvu peke yake haitoshi. Inabidi atumie umbali.

Hatua ya 1: Legeza nati gari likiwa chini

Nati ya kitovu cha gurudumu hukazwa sana. Ukinyanyua gari kwanza, gurudumu litazunguka pamoja na nati. Kwa hiyo acha tairi likanyage ardhi, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, na mwenzako akanyage breki.

Kumbuka: momenti = kani × umbali wa pembemraba kutoka kwenye egemeo. Chukulia nati inahitaji 240 N m.

Spana ya 0.3 m: kani = 240 ÷ 0.3 = 800 N
Spana iliyorefushwa kwa bomba hadi 1.2 m: kani = 240 ÷ 1.2 = 200 N

Mtu wa kilo 60 ana uzito wa 600 N, hivyo hata akisimama juu ya spana fupi, nati haitalegea. Lakini angalia: ukuta ukikubana ukasukuma bomba kwa pembe ya nyuzi 30 badala ya 90, umbali wa pembemraba unakuwa 1.2 × 0.5 = 0.6 m, nawe utahitaji 400 N. Urefu wa mpini sio umbali wa pembemraba. Hapa ndipo alama nyingi hupotea.

Hatua ya 2: Nyanyua kwa usalama

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, jeki huzama. Mgandamizo = kani ÷ eneo. Chukulia jeki inabeba 5,000 N na kitako chake kina eneo la 0.01 m²: mgandamizo ni 500,000 Pa. Ukiweka chini yake ubao mgumu wenye eneo la 0.1 m², unashuka hadi 50,000 Pa. Kisha weka stendi imara kabla ya kuingiza hata mkono chini ya gari. Kazi ya jeki ni kunyanyua. Kazi ya kushikilia ni ya stendi. Asiyetofautisha mawili hayo anaweza kupoteza maisha.

Hatua ya 3: Chomoa ekseli

Toa gurudumu, mwaga oili ya giaboksi, tenganisha boljointi ya chini, kisha vuta kitovu ili ncha ya nje ya ekseli itoke. Ncha ya ndani hushikiliwa na pete ndani ya giaboksi. Hapo unahitaji mtaimbo, yaani wenzo.

Mtaimbo wa sm 50, egemeo likiwa sm 5 kutoka kwenye ncha: mkono wa jitihada ni sm 45. Uwiano ni 45 ÷ 5 = 9.
Mtaimbo wa sm 30, egemeo likiwa sm 2 kutoka kwenye ncha: mkono wa jitihada ni sm 28. Uwiano ni 28 ÷ 2 = 14.

Mtaimbo mfupi umeushinda mrefu! Nafasi ikibana huwezi kurefusha mkono wa jitihada, basi fupisha mkono wa mzigo. Gharama yake ni mwendo: ili ncha isogee sm 1, mkono wako husogea sm 14. Ulichookoa kwenye kani umekilipa kwenye umbali, kwa sababu wenzo hauongezi kazi. Usizamishe ncha ya mtaimbo sana, utachana sili ya oili.

Kumbuka katika mtihani

1. Badili sm kuwa m unapotafuta momenti kwa N m.
2. Pima umbali kutoka kwenye egemeo, sio kutoka mwisho wa wenzo.
3. Andika kanuni, weka tarakimu, kisha jibu lenye kizio.

Jipime

Mtaimbo wa sm 40 una egemeo sm 4 kutoka kwenye ncha. Fundi anasukuma kwa 150 N. Ukipuuza uzito wa mtaimbo, tafuta kani kwenye ekseli. Rudia egemeo likisogezwa hadi sm 2 kutoka kwenye ncha.

Majibu: 1,350 N, 2,850 N.